Boti ya alumini iliyokuwa ikivuja kwenye ribiti

Niliinunua dola 400 pamoja na trela lake, kwa mzee mmoja wa hapa Minnesota aliyekuwa akihama nyumba. Futi 14, alumini tupu. Nilipochomeka bisibisi kwenye ubao wa tezini, ule unaobeba mashine, ikazama mpaka kwenye mpini. Mzee akaniambia kwa upole kwamba hata ningeipeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu asingenilaumu.

Nisingeweza. Mimi ni mtu wa Pangani. Baba mdogo wangu alikuwa fundi wa kukalafati, na utotoni nilikuwa nikimsokotea pamba na kumshikia kopo la sifa, yale mafuta ya samaki ya kupaka vyombo, huku akiziba nafasi za mbao. Boti hii mataruma yake, yaani mbavu, yalikuwa mazima, na mkuku, ule uti wa chini, haujapinda. Chombo chenye mkuku mzima hakitupwi.

Nilianza kwa kung'oa sakafu. Chini yake kulikuwa na lile povu gumu la kuelea, nalo lilikuwa limekunywa maji miaka mingi kiasi kwamba kipande cha ukubwa wa mto wa kulalia nilikibeba kwa mikono miwili. Wengi wakifika hapo hulitoa na kuacha patupu, wapate mahali pa kuweka vyombo vya uvuvi. Nawasihi msifanye hivyo. Mashua ya mbao ikijaa maji mara nyingi bado inaelea. Alumini inakwenda chini. Mimi nilikata yale mabamba ya povu yanayotumika kuzuia baridi kwenye kuta za nyumba, nikayapanga chini ya viti na kuyabana yasichomoke. Niliyaweka mbali na tangi, maana petroli huyayeyusha.

Ubao wa tezi ndio ulionipa funzo kubwa, na nililipata kwa gharama. Nilinunua plaiwudi iliyotiwa dawa ya kuzuia kuoza, nikiamini nimechagua bora kuliko yote. Nikaichonga kwa kufuata kipande cha zamani, nikaifunga, nikavua nayo msimu mmoja. Masika iliyofuata nikaona unga mweupe ukitoka kandokando ya ubao. Nilipoufungua, alumini ya nyuma ilikuwa imeliwa vishimo vidogovidogo. Dawa ile ina shaba, na shaba ikikutana na alumini penye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa. Nilikaa pale gerejini muda mrefu, mkono juu ya vile vishimo. Kazi nzima nikairudia: plaiwudi isiyo na dawa, iliyounganishwa kwa gundi isiyoachia kwenye maji, mapande mawili nikayagandisha kuwa moja, nikapaka epoksi mikono mitatu, hasa kwenye kingo na ndani ya kila tundu la bolti, kwa kuwa maji huanzia kwenye tundu. Bolti za stenlesi nazo nilizipaka gundi ya kuziba kabla ya kuzikaza.

Kuhusu kuvuja, nilimpigia simu baba mdogo.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba mwanangu. Hicho chombo cha bati unakalafati nini, na hakina mbao?”

Nikamweleza kwamba mabamba yameshonwa kwa ribiti, ile misumari mifupi ya kugongwa mkia, mamia ya ribiti, na baadhi zimelegea. Akanyamaza kidogo. “Basi kitie maji ndani, utazame nje.”

Nami nikafanya hivyohivyo. Boti ikiwa juu ya trela, nimeiegemeza vizuri chini, niliitia maji ya kina cha kama sentimita 10 tu. Zaidi ya hapo ni hatari: kila lita ni kilo moja, na trela halikutengenezwa kwa mzigo huo. Nikalala chini na penseli ya nta, kila tone nikalizungushia duara. Zilikuwa ribiti 37, karibu zote kwenye mkuku na kule mbele omoni, ambako mawimbi hupiga.

Kukaza ribiti ni kazi ya watu wawili. Kijana wangu alikaa chini ameshika pande zito la chuma, amelibana kwenye kichwa cha ribiti. Mimi ndani nikigonga mkia wake kwa nyundo, mapigo mafupi. Ikikaza, sauti hubadilika, inaacha kuvuma. Baada ya kama ribiti kumi kijana alikuwa ananiambia yeye mwenyewe, “Hiyo tayari baba.” Tisa zilikataa. Hizo nilizitoboa kwa drili na kuweka mpya za alumini, zile ambazo mkia wake umezibwa, nikazitia gundi. Kisha tukaitia maji tena. Matone mawili. Tukarudia.

Rangi sina la kusema sana, ila alumini inataka praima yake maalumu; bila hiyo rangi hubanduka kama ganda la kitunguu.

Boti ni ya kabla ya Novemba 1972, kwa hiyo haina kile kibati kinachoonyesha inabeba watu wangapi. Nilitumia hesabu inayojulikana hapa: urefu kwa futi mara upana, gawa kwa 15. Futi 14 mara 5 ni 70, kwa hiyo watu wanne. Sisi tunapanda watatu. Kila mmoja ana jaketi lake la kuokolea, na mwanangu mdogo wa miaka saba halivui, maana hapa sheria inawataka walio chini ya miaka kumi walivae boti ikiwa inakwenda.

Tuliishusha mwezi Mei, msimu wa kuvua walleye, samaki wa maziwa ya huku, ulipofunguliwa. Maji bado yalikuwa yanauma vidole. Kwa saa mbili sikutupa ndoano. Kila mara nilikuwa nikiinua ubao wa sakafu na kupapasa ngama, pale chini kabisa maji yanapokusanyika, kwa kiganja. Jioni nikamtumia baba mdogo picha ya walleye wawili. Akajibu kwa ujumbe wa sauti:

“Samaki nimewaona. Nipigie picha ngama.”

Nikampigia. Ilikuwa kavu.