Kuanza mfululizo wa fantasia ambao haujaisha

Kabla ya kununua juzuu ya kwanza, angalia miaka ya kuchapishwa na uhesabu wahusika ambao sura za kitabu husimuliwa kwa macho yao. A Song of Ice and Fire ya George R. R. Martin ilianza kwa mwendo mzuri: 1996, 1998, 2000. Kisha 2005, kisha 2011, na cha sita wasomaji wangali wanakisubiri. Juzuu ya kwanza ina wahusika 8 wa namna hiyo, ukiacha dibaji. Ya tano ina 16, ukiacha dibaji na hitimisho. Kila mmoja ana safari yake, na safari hizo lazima zikutane kwa wakati unaofaa. Mwandishi akibadili moja, nyingine kadhaa huvurugika. Mapengo na wahusika vikiongezeka pamoja, ujue utangoja sana.

Hiyo si sababu ya kuikwepa mifululizo yote ambayo haijaisha. The Stormlight Archive ya Brandon Sanderson imepangiwa juzuu 10, ila kwa awamu mbili za tano tano, na awamu ya kwanza ilifungwa Desemba 2024. Mfululizo wenye kituo cha katikati kama hicho uanze hata leo. Ule ambao kila juzuu inakatikia ukingoni, kisa kikiachwa kikining'inia, ngoja.

The Wheel of Time ilimaliziwa 2013 ingawa mwandishi wake, Robert Jordan, alifariki 2007, lakini usilitegemee hilo: aliacha maelezo mengi na sehemu za mwisho zilizokwisha kuandikwa.

Ukinunua matoleo ya Uingereza yenye jalada laini, soma jalada vizuri. Juzuu nene hugawanywa vitabu viwili, kama ile ya tatu ya Martin, na ni rahisi kubeba nusu ya pili ukidhani ni juzuu inayofuata.

Ukimaliza juzuu, andika ukurasa mmoja siku hiyohiyo: kila mhusika yuko wapi, yuko na nani, ameapa nini, na anajua siri gani ambayo wenzake hawaijui. Vifo utavikumbuka, nani anajua nini ndicho kinachopotea kwanza. Juzuu mpya ikitoka, usirudie kurasa 50 za mwisho tu. Soma sura ya mwisho ya kila mhusika, kwa sababu wengine huachwa katikati ya kitabu na ndio watakaoifungua juzuu mpya.