Kurasa 12 Tupu Zilizoniuzia Kitabu cha Pili

Kila ninapokutana na mtu anayetaka kujichapishia riwaya yake, nakuta ameshapewa ushauri uleule niliopewa mimi: toa kwanza kitabu kimoja, uone soko, cha pili utakifikiria baadaye. Ushauri huo ulinilia mwaka mzima na fedha zinazokaribia mishahara yangu ya miezi mitatu. Leo riwaya zangu mbili ziko mikononi mwa wasomaji, ya tatu iko kwa mpanga kurasa, na najivunia kila moja.

Habari za kuandika na kutafuta mhariri naziruka. Nitasema moja tu: mhariri alipomaliza kazi yake, niliiachia simu inisomee muswada wote kwa sauti huku nimefumba macho. Jicho lililokwisha kupita juu ya sentensi mara ishirini huliruka neno lililorudiwa, lakini sikio hulinasa. Nilinasa makosa zaidi ya sitini katika muswada niliodhani umetakata.

Kilichoniumiza ni mgongo wa kitabu. Msanifu wa jalada aliniuliza idadi ya kurasa na aina ya karatasi. Nikamjibu kurasa 256, karatasi ya gramu 80. Karatasi nyeupe ya kawaida ya gramu 80 huwa na unene wa karibu milimita 0.1. Kurasa 256 ni karatasi 128, basi mgongo unakuwa milimita 13. Msanifu akalichora jalada kwa kipimo hicho: upande wa mbele kijani, mgongo mweusi, jina langu kwa herufi nyeupe katikati.

Wiki ya uchapaji, mpiga chapa akanipigia simu. Alikuwa amepata karatasi ya rangi ya maziwa, isiyochosha macho, ambayo waandishi wa riwaya wanaipenda. Ni gramu 80 vilevile, akasema, na bei haibadiliki. Nikakubali kabla hajamaliza sentensi. Kumbe gramu ni uzito wa mita moja ya mraba ya karatasi, wala haikuambii lolote kuhusu unene. Zipo karatasi zinazotengenezwa zikiwa na nafasi nyingi ndani yake: nyepesi, lakini nene. Ile yangu ilikaribia milimita 0.15, na kitabu kikatoka na mgongo wa milimita 19 ndani ya jalada lililopimwa kwa 13.

Nilipofungua boksi la kwanza nilikaa chini. Milimita 3 za kijani zilikuwa zimepanda mgongoni kutoka mbele, na milimita 3 nyingine zimepanda kutoka nyuma, hivyo ule weusi ukabaki kama utepe uliobandikwa vibaya. Halafu msanifu huacha ziada ya milimita 3 kila ukingo wa jalada ili ikatwe kiwandani. Ziada hiyo yote ilikuwa imemezwa na unene wa mgongo, na kisu kilipopita, nakala nyingi zikabaki na mstari mweupe ukingoni. Na nilikuwa nimechapisha nakala 500, kwa sababu mtu niliyemwamini aliniambia nakala nyingi hupunguza gharama ya kila moja. Hilo ni kweli kwa uchapaji wa mabamba, yaani vibao vinavyobeba maandishi kwenye mashine: mabamba hulipiwa yaleyale, uchapishe 100 au 1,000. Ila hakuniambia kwamba kosa nalo huchapwa mara 500. Zile nakala niliziuza kwa bei ya hasara, moja moja, nikimwonyesha kila mnunuzi kasoro kabla hajalipa. Zilinichukua karibu mwaka.

Kwa hiyo siku hizi siruhusu jalada lichorwe kabla mpiga chapa hajanipa kitabu kitupu: kurasa zote, karatasi ileile, kimegundishwa, hakina hata herufi moja. Viwanda vingi hukutengenezea ukiomba. Nakipima mgongo kwa rula mbele yake, naandika kipimo, na tunakubaliana kwamba karatasi ikibadilika, kazi inasimama. Omba kitabu hicho hata kama utaonekana msumbufu.

Sasa zile kurasa tupu. Kwenye mashine kubwa karatasi moja huchapwa kurasa kadhaa kwa pamoja, kisha hukunjwa. Kiwanda nilichotumia kilipanga kwa mafungu ya kurasa 16. Riwaya yangu ilikuwa na kurasa 244, na fungu la mwisho likaipeleka hadi 256. Katika toleo la kwanza kurasa 12 zilitoka nyeupe mwishoni, nami nilikuwa nimezilipia. Msomaji mmoja aliniuliza kama hadithi imekatika! Swali lake lilinikaa kichwani usiku kucha. Mtu amefika ukurasa wa mwisho, bado yumo ndani ya hadithi, hana haraka ya kukiweka kitabu chini, nami nampa karatasi nyeupe.

Nilipochapisha tena, safari hii nakala 200, nilitaka kurasa hizo zibebe sura ya kwanza ya kitabu cha pili. Sura ilikuwa na kurasa 14. Nikaikata, nikaikata tena, hadi ikaingia katika 11, na kwa kweli ikawa sura bora kuliko ilivyokuwa. Ukurasa wa 12 niliweka anwani yangu ya barua pepe na ombi fupi: ukitaka kujulishwa kitabu kinachofuata kikitoka, niandikie. Waliniandikia. Watu wale ndio walionilipa mapema kwa kitabu cha pili, na malipo yao yakabeba zaidi ya nusu ya gharama ya kukichapa. Sikukopa.

Lakini sura iliyochapwa hairudi nyuma, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini cha pili hakisubiri soko. Katika riwaya ya kwanza nilikuwa nimemuua fundi saa kwa sentensi moja, sura ya tisa, kwa sababu tu nilihitaji msiba. Nilipokaa kuandika ya pili nikakuta fundi saa ndiye mtu pekee aliyeweza kuwa ameona kilichotokea usiku ule. Watu mia tano walikuwa wameshasoma kifo chake. Nilihangaika miezi miwili na mashahidi wa kubuni wasioaminika, mpaka nikampa ushahidi mjane wake, aliyekuwa amekaa kimya kitabu kizima. Mjane aliniokoa, na ni mhusika ninayempenda kuliko wote, lakini sitaki tena kuokolewa kwa bahati. Kitabu cha pili hakikutoka mpaka rasimu ya cha tatu ilipokamilika, mbovu lakini kamili. Nina daftari lenye ukurasa wa kila mhusika: mwaka wa kuzaliwa, kovu liko mkono gani, nani anamdai nani, na siri gani anaijua kufikia mwisho wa kila kitabu. Hicho kipengele cha siri ndicho ninachokifungua kila siku.

Kupanga mbele kunasaidia hata katika mambo makavu. Niliambiwa ISBN moja, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, inatosha. Haitoshi: kitabu cha karatasi kinataka yake na cha kielektroniki yake, kila moja na tarakimu zake 13. Katika baadhi ya nchi hutolewa bure, kwingine huuzwa, na zinapouzwa kwa mafungu kila moja hushuka bei. Mwenye vitabu vitatu kichwani anajua anunue ngapi. Bei ni hivyo hivyo. Kwa vitabu vya kielektroniki, duka la mtandaoni la Amazon humpa mwandishi hadi asilimia 70 ya bei kwa wanunuzi wa nchi kadhaa ikiwa bei ni kati ya dola 2.99 na 9.99, na asilimia 35 nje ya hapo. Mwenye kitabu kimoja akishusha bei chini ya kiwango hicho anajipunja tu. Mimi nilishusha cha kwanza kwa makusudi, nikijua cha pili kinasubiri kwenye asilimia 70.

Juzi mpanga kurasa wangu aliniletea hesabu ya cha tatu: kurasa 235. Fungu la mwisho lingekifikisha 240, na kurasa 5 hazibebi sura. Nimemwomba aongeze nafasi kidogo kati ya mistari hadi zifike 243, ili tuvuke kwenda 256. Zitabaki 13, na sura ya kwanza ya kitabu cha nne, ambayo nimeimaliza wiki hii, ina 12.