Siku 24 Italia kwa treni za polepole na sufuria moja

Shemeji yangu aliwahi kufika Milano mara moja kikazi, siku tatu, na tangu hapo ndiye mshauri mkuu wa ukoo kwa mambo ya Ulaya. "Siku nane zinatosha," alituambia. "Roma, Firenze, Venezia, Milano, mnarudi. Kila mji usiku mmoja au miwili, treni ya mwendokasi, kwisha." Akatuandikia na ratiba. Nilipoipigia hesabu nikaona nauli za mwendokasi peke yake zinakula robo ya fedha zetu, na hapo hatujalala wala hatujala. Nikaikunja, nikaisukumia kabatini. Tulikaa siku 24 na tukarudi na chenji. Ndogo, lakini chenji.

Habari za viza sisemi, kila mtu ana machozi yake.

Tulichofanya ni kuchagua miji mitatu tu ya kulala: Padova siku kumi, Bologna tisa, Roma tano. Kwingine kote tulikwenda asubuhi tukarudi jioni, begi likiwa limebaki chumbani. Padova aliichagua mke wangu, Mama Neema, kwa ajili ya Mtakatifu Antoni, yule wa vitu vilivyopotea. Mimi niliichagua kwa sababu Venezia iko kama nusu saa tu kwa reli, na bei ya chumba ni ya mji wa wanafunzi. Chuo Kikuu chao kilianza mwaka 1222. Galileo mwenyewe, yule mtaalamu wa nyota, alifundisha pale miaka 18. Chumba chetu kilikuwa na jiko dogo, na bibi mwenye nyumba alitupunguzia tulipomwambia tunakaa zaidi ya wiki. Ikawa kama euro hamsini na kidogo kwa usiku, sisi wawili, ukiacha kile kikodi cha mji wanachotoza kila kichwa kila usiku. Hicho kitengeeni pesa taslimu.

Treni ni zile wanazoita regionale. Zinasimama kila mahali, hazina namba ya kiti, na bei yake ni ileile ukinunua leo au mwezi uliopita. Hapo ndipo nilipojiona mjanja mapema mno. Siku ya pili tunakwenda Vicenza, nimekata tiketi za karatasi mashineni, nimekaa dirishani nimekunja nne. Kondakta akaja, akazigeuza tiketi mbele na nyuma, akaniuliza kitu. Nikatabasamu. Akauliza tena. Abiria wa mbele akanionyesha kwa mkono: tiketi ya karatasi lazima uigonge kwenye kile kimashine kidogo pale stesheni kabla ya kupanda, ipigwe tarehe na saa. Nilikuwa nimekipita kimashine hicho hatua mbili, nikadhani ni cha kutupia taka. Faini ilikuwa mara kadhaa ya nauli. Mama Neema hakusema neno mpaka Vicenza, na ninyi mliooa mnajua kimya cha namna hiyo kina gharama gani.

Venezia tulikwenda mara tatu. Ilikuwa Oktoba, kwa hiyo ile ada ya kuingia mjini wanayotoza wageni wa kutwa katika siku fulani za msimu wa joto haikutugusa. Boti za abiria tuliziacha, maana safari moja inakaribia euro kumi, tulitembea. Kuvuka Mfereji Mkubwa kuna mitumbwi inayoitwa traghetto, unatoa euro mbili unavushwa, umesimama kama uko Kivukoni. Kosa letu lilikuwa kukaa. Kahawa Italia inanyweka umesimama kaunta, euro moja na senti, dakika mbili unaondoka. Sisi tukakaa kwenye viti vya nje vya mgahawa mmoja pale uwanja wa San Marco kwa sababu miguu ya mwenzangu ilikuwa imevimba. Kulikuwa na wazee wanapiga fidla, raha mustarehe. Bili ilipokuja, muziki nao ulikuwa umeandikwa, mstari wake peke yake, kwa kila kichwa. Nikamwambia Mama Neema basi tusiondoke mpaka fidla iishe nyuzi.

Sasa chakula. Kabla ya safari Mama Neema alitaka kubeba kilo mbili za sembe. Nilikataa katakata. Nikamwambia hatuendi Ulaya kusonga ugali, tutakula pasta kama wenyeji. Siku ya tano usiku niliota mlenda.

Asubuhi yake nikaenda supamaketi peke yangu, kimyakimya. Nikaona pakiti imeandikwa polenta, unga wa mahindi wa njano, nikanunua. Sikusoma neno dogo pembeni: istantanea. Ule ni unga uliokwisha kupikwa kiwandani. Nilichemsha maji, nikamimina, nikaanza kusonga kwa majigambo. Haukushika. Niliongeza unga, ukawa uji mzito. Nikaongeza tena, ukawa uji mzito zaidi. Tukaula kwa kijiko kama wagonjwa. Kilichobaki kikalala kwenye sufuria, na asubuhi kilikuwa kimekuwa tofali, kimetoka kizima na alama za mikwaruzo ya sufuria.

Mama Neema akachukua uongozi. Alikwenda mwenyewe kwenye rafu, akapapasa pakiti moja moja kwa vidole kupima chenga, akarudi na polenta bianca, unga mweupe wa mahindi. Kumbe mkoa ule wa Veneto ndio walaji wa unga mweupe, na wanaula na samaki! Pakiti ilisema pika dakika arobaini na zaidi huku unakoroga. Alicheka. Shida haikuwa muda, ilikuwa vyombo. Sufuria lilikuwa na mkia mmoja mrefu, juu ya jiko la umeme lenye uso laini kama kioo, na kila akisonga sufuria linazunguka naye. Nikapewa kazi ya kulishika kwa taulo mikono miwili. Kijiko cha mbao kikakatika katikati. Akamalizia kwa kipande chenye kichwa, jasho linamtoka, mimi nimekumbatia sufuria kama mtoto anayeogeshwa.

Bibi mwenye nyumba aligonga mlango wakati huohuo. Nadhani alisikia kelele. Akatazama meza: bonge jeupe linatoa moshi, sadini za kukaanga tulizonunua sokoni, na majani machungu ya cicoria yaliyokaangwa na kitunguu, ambayo ukifumba macho ni mchunga. Hakusema kitu, akatoka. Akarudi na uzi mweupe wa kushonea. Akaunyoosha kwa mikono miwili, akaupitisha chini ya bonge, akauvuta juu. Ugali ukakatika kipande safi, hakuna hata chembe iliyoshika. Kwa Kiitaliano cha taratibu na mikono mingi akatueleza kwamba mama yake aliumwaga polenta juu ya ubao na kuukata hivyohivyo, na kwamba bibi zake waliula asubuhi, mchana na jioni mpaka watu wakaugua, kwa kuwa hapakuwa na kingine. Yeye mwenyewe haupendi. Alikula vipande vitatu.

Kijiko nilimlipa, euro mbili.

Tangu siku hiyo tulikula nje mlo mmoja kila siku ya pili au ya tatu, mchana, tukijua kuna ile hela ya kukalia meza, coperto, inayoongezwa juu. Vingine vyote vilitoka soko la Piazza delle Erbe. Nendeni wakati wanafunga, saa saba mchana hivi, bei inalegea.

Bologna tulinyeshewa siku nne na hatukulowa. Mji mzima una baraza zilizoezekwa pembeni mwa barabara, kilomita na kilomita. Ile inayopanda kanisa la San Luca ina matao 666, na kuipanda ni bure. Kutoka hapo tulikwenda Ravenna, zaidi kidogo ya saa moja kwa treni, tiketi tumezigonga mara mbili kwa woga. Kaburi la Dante, yule mshairi wao mkuu, halina kiingilio. Lakini kilichotufunga miguu ni kijengo cha Galla Placidia, binti wa kaisari wa Roma, ambacho kwa nje ungedhani ni ghala la matofali. Madirisha yake ni vipande vya alabasta, mwanga unaingia rangi ya asali. Mwanzo unaona giza tu. Unasubiri, halafu dari la buluu linaanza kutoa nyota za dhahabu, moja, kumi, mamia. Ni kazi ya karne ya 5. Kwa ratiba ya shemeji tusingekanyaga mji huu kabisa.

Roma tulilala nyumba ya masista. Usafi wa kutisha, mlango unafungwa saa tano usiku, na sista aliyetufungulia alitusikia tunabishana kuhusu ramani akatuambia "Karibuni, mmetoka mbali" kwa Kiswahili cha Songea. Siku tulizipanga zikute Jumapili ya kwanza ya mwezi, makumbusho ya serikali yanapokuwa bure. Kwenye Colosseum, ule uwanja wa kale, foleni ilitushinda; Pantheon, hekalu la kale lililogeuzwa kanisa, tukaingia. Maji msinunue: mabomba ya chuma yamejaa mitaani, yanatiririka mchana kutwa. Ziba mdomo wa bomba kwa kidole, maji yanaruka juu kupitia kitundu, unakunywa bila kuinama. Mara ya kwanza nilimlowesha padri.

Tulirudi Dar na pakiti mbili za polenta bianca. Mama mkwe aliusonga, akaonja, akanawa mikono, akatuuliza tulipanda ndege kwenda kununua sembe?