Kwa Shangazi, Seme

Baba yangu alikuwa akienda kwa dada yake kwa meli. Anapanda bandarini Mwanza na kiroba chake cha mchele, analala majini, akiamka anapiga soga na mabaharia mpaka Kisumu. Hiyo ilikuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki ile ya kwanza: reli moja, bandari moja, posta moja. Meli yenyewe, MV Victoria, iliundwa Scotland, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa hapo hapo Kisumu, ikaanza kubeba abiria mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mpaka leo ipo. Imekarabatiwa, imeongezewa jina, inapiga kazi ya Mwanza na Bukoba. Kisumu haiendi tena. Kwa hiyo mimi mwanawe nilikata tiketi ya basi la Sirari, mpakani na Kenya.

Njia hiyo naijua hadi Utegi, kwa sababu kwetu ni Rorya na kila msiba unatupitisha pale. Magu, halafu Lamadi, ambako ukiwa na bahati unaona nyumbu kando ya lami bila kulipa kiingilio cha Serengeti, halafu Bunda na daraja la Kirumi juu ya Mto Mara. Baada ya Utegi nikawa mgeni. Mpakani mambo yalikwenda haraka kuliko nilivyotishwa. Maofisa wa nchi zote mbili wako jengo moja. Unagongewa muhuri wa kutoka, unahamia dirisha la pili, unagongewa wa kuingia. Kinachochosha ni vijana wa kubadilisha fedha waliokuzingira na mabunda ya noti. Shilingi ya Kenya ilikuwa inakaribia 20 za kwetu, na laki mbili ikigeuka kuwa elfu kumi na kidogo, unajiona umeibiwa hata kama umehesabiwa sawasawa.

Binamu yangu, mtoto wa mwisho wa shangazi, alikuwa ananisubiri Migori. Kumfikia ilibidi nipande Probox, ambayo magharibi ya Kenya ndiyo mfalme wa barabara ndogo na kubwa. Ni gari la familia la watu watano. Nyuma tulikaa wanne, mbele wawili, kwenye buti wawili na mifuko ya saruji. Nikadhani tumejaa. Dereva akasimama tena, mama mmoja akafungua mlango wa dereva, dereva akasogea, mama akakaa naye kiti kimoja, na safari ikaendelea, huyu akishika usukani na yule akishika kuku. Hakuna aliyeshangaa ila mimi.

Nilimwomba binamu kabla ya Kisumu anipeleke Thimlich Ohinga. Alikuwa hajawahi kufika, na hilo nimeliona hata kwetu: watu wa Mwanza wangapi wameingia kisiwa cha Saanane? Thimlich iko kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori, njia ya vumbi, vichaka na mbuzi. Ni maboma ya mawe yaliyojengwa bila udongo wala saruji, mawe ya kila umbo yamepangwa tu yakashikana, na yamesimama kwa karne kadhaa. Mwaka 2018 UNESCO waliliingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, lakini siku tuliyofika wageni tulikuwa sisi na kundi la wanafunzi waliokuwa wakila miwa kwenye kivuli.

Boma kubwa linaitwa Kochieng. Ukuta wake sehemu nyingine unanizidi urefu mara mbili. Nilisogeza uso karibu kabisa nikachungulia katikati ya mawe: kuna ukuta wa nje na ukuta wa ndani, na kati yao vijiwe vidogo vilivyosokomezwa kujaza nafasi. Ukibonyeza jiwe kwa kiganja halitikisiki. Mlango ni mfupi kwa makusudi. Unainama, unaingia kichwa kwanza, na anayekusubiri ndani amesimama wima. Mwizi wa ng'ombe au adui akija, hapo ndipo shingo yake inapokutana na mwenyeji. Mwongozaji alituonyesha mahali pa zizi, palipokuwa na nyumba, na palipofuliwa chuma. Alisema waliojenga si lazima wawe Wajaluo, kwani watu wamehama na kuhamia hapa mara nyingi, kila waliokuja wakakarabati walipopakuta. Binamu, ambaye njia nzima alikuwa ananiambia haya ni mawe tu, alibaki nyuma kwenye kile kimlango, akitoka na kuingia, anapima kimo chake. Kama mtu ana siku moja tu ya kutembea nchi hiyo, mimi namwambia aende Thimlich kabla ya hifadhi yoyote ya wanyama.

Kutoka hapo ni Rongo, Kisii na migomba yake, Oyugis, Sondu, halafu unateremka kwenye mashamba ya mpunga ya Ahero na joto la ziwa linakupokea. Kisumu tulipita usiku. Seme, kwa shangazi, iko mbele, barabara ya Bondo.

Shangazi alikuwa ameketi nje ya nyumba, kanga mbili, redio mapajani. Nilipiga goti nikasema shikamoo. Wajukuu zake walicheka, wao wamezoea kupeana ngumi na kusema "sasa". Yeye akaitikia marahaba ndefu, akanishika uso kwa mikono miwili, akasema, "Nyathi owadwa," yaani mtoto wa kaka yetu, "kumbe umefanana na yule mkorofi." Yule mkorofi ni baba. Mezani kulikuwa na kuku wa kienyeji, ugali wa mtama wenye rangi ya udongo, na mboga ya kunde iliyochemshwa na kulazwa kwenye maziwa siku kadhaa mpaka uchungu ukaisha. Hiyo mboga niliirudia nikaacha kuku, na shangazi akaona, akafurahi kuliko kama ningemsifu kwa maneno.

Usiku ule ndipo aliponisimulia mambo ambayo baba hakuwahi kuyagusa. Aliolewa na fundi wa karakana ya bandari Kisumu, mwajiriwa wa Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka na Kenya, Jumuiya ikavunjika mwaka huo huo, na meli zikagawanywa. Zilikuwako meli mbili pacha za kuvusha mabehewa ya treni, Uhuru na Umoja. Uhuru ikabaki Kenya, Umoja ikaenda Tanzania. Shangazi hana haja ya kulichambua hilo, anacheka tu. Babu alipofariki Rorya, mpaka ulikuwa bado umefungwa, na habari zilimfikia kupitia kwa wavuvi.

"Si mngepita njia za panya?" nilimuuliza.

"Wengine walipita. Mume wangu alikuwa mtu wa serikali sasa, aliogopa kibarua chake. Nililia hapa hapa, kwa watu wasiomjua baba yangu."

Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983. Alikwenda Rorya mwaka uliofuata na kugombana na baba kuhusu ng'ombe wa urithi. Hiyo ndiyo sababu ya ukimya wa miaka mingi ambao mimi nilikuwa nikiulaumu umbali. Aliisimulia mpaka mwisho, akamtaja kila ng'ombe kwa rangi yake, kisha akaniambia nikalale.

Kutoka kwake hadi Kit Mikayi, yaani jiwe la mke mkubwa, ni mwendo mfupi wa pikipiki. Ni rundo la majabali makubwa yaliyokaliana, kimo chake kama mita 40, yameota katikati ya mashamba ya mahindi. Wenyeji wanasimulia habari za mzee aliyelipenda jabali hilo hata akawa anashinda pangoni kutwa, mkewe anamletea chakula huko, na akiulizwa mumewe yuko wapi anasema yuko kwa mke mkubwa. Ukipanda kati ya mawe unakuta hewa ya baridi, mishumaa iliyoyeyuka, na waumini waliovaa kanzu nyeupe wakisali kwa sauti za chini. Watu wa kanisa la Legio Maria wanapaheshimu sana. Niliporudi nikamsimulia shangazi habari za yule mzee. "Huyo alikuwa anakwepa kulima," alisema. "Na sisi tukamfanyia hadithi."

Mjini Kisumu nilikaa kwa dada yake binamu, mtaa wa Manyatta. Reli ilifika hapa Desemba 1901, wakati mji ukiitwa Port Florence, na bado ukishuka mtaa wa Oginga Odinga unahisi kila barabara inakusukuma bandarini. MV Uhuru ipo, imefufuliwa, inabeba mafuta kwenda Uganda. Niliiona kwa mbali tu. Kwenye jumba la makumbusho nilipita haraka, ila pale pana boma zima la Kijaluo limejengwa kwa ukubwa wake halisi, nyumba ya mke mkubwa ikitazama lango, na nilielewa sasa kwa nini jibu la mke wa yule mzee wa jabali lilikuwa la kuchekesha.

Dunga ndipo nilipokaa kutwa. Kuna daraja la mbao linalopita katikati ya mafunjo, na mvulana mmoja alinionyesha ndege wadogo ambao nisingewaona peke yangu. Mitumbwi iliingia saa nne, akina mama wakaingia majini mpaka magotini kupokea. Kilichotoka kilikuwa kidogo. Kenya ina asilimia 6 tu ya ziwa hili, sisi tuna karibu nusu, na tofauti hiyo unaiona kwenye beseni. Ngege, yaani perege, mmoja wa kukaanga aliniuma mfukoni. Mtaa wa Obunga wanakaanga mgongo wazi, ile mifupa ya sangara inayobaki viwanda vikishachukua minofu ya kuuza nje, kwetu Mwanza tunaita mapanki. Nilinunua, nikala kwa vidole na chumvi ya pilipili, na upande wa shingoni una nyama tamu kuliko watu wanavyodhani. Sokoni nikaonyeshwa boksi la samaki walioganda. Wametoka China. Mji wa ziwani, na samaki amevuka bahari kuja kushindana na ngege wa Dunga kwa bei, na anamshinda. Muuzaji hakuona aibu wala hakuwa na sababu ya kuona. Watoto wake wanakula.

Nakuru sikwenda, ingawa kila mtu alinitaka niende kuona flamingo. Ziwa lile limepanda tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 hadi likameza lango la zamani la hifadhi, na flamingo wengi wakahamia Bogoria na kwingineko. Badala yake tulikwenda Maseno, tukasimama kwenye alama ya Ikweta, mguu mmoja kaskazini na mmoja kusini, tukapigwa picha, tukanywa soda. Dakika kumi zinatosha.

Siku ya kuondoka shangazi alinikabidhi mfuko wa omena, yaani dagaa, umefungwa kwa kamba ya katani, kilo kama tano, wakavu, wanang'aa. Nilijaribu kukataa kwa adabu. Nikamwambia, shangazi, mimi natoka Mwanza. Akanitazama. "Hao ni wa baba yako. Mwambie ni badala ya yule ng'ombe mwekundu."

Sirari, upande wetu, mama wa forodha alinifungulisha mzigo. Alinusa, akainua kope.

"Dagaa?"

"Ndiyo, mama."

"Unawatoa Kenya unawapeleka wapi?"

"Mwanza."

Akamwita mwenzake wa meza ya pili. "Njoo umwone huyu anapeleka dagaa Mwanza." Wakacheka mpaka foleni nzima nyuma yangu ikaanza kuuliza kuna nini. Nikawaeleza nimepewa na shangazi, ni deni la ng'ombe. Akafunga mfuko mwenyewe, akaurudishia kamba vizuri.

"Pita, baba. Ila ukifika Kirumba usiufungue mbele ya wauza dagaa wa soko la Mwaloni."