Kumbukumbu ya mradi: papa nyuma ya sentimita 75

Huu ni mwezi wa tatu nikipiga picha papa wa tangi kubwa la samaki la Dubai. Picha ninazoweza kumwonyesha mtu bila kujieleza ni tisa, kati ya mia saba na ushei.

Kwa asiyelijua tangi lenyewe: limo ndani ya Dubai Mall, lilifunguliwa 2008, lina lita milioni 10 za maji. Ukuta wa mbele ni karibu mita 33 kwa upana na mita 8.3 kwa kimo. Tunauita kioo kwa mazoea, kumbe ni akriliki, unene sentimita 75. Kutazama ukiwa nje ni bure, na mimi dirhamu nazihesabu, nikaanzia hapo.

Siku ya kwanza ilikuwa Ijumaa, nimetoka msikitini na kanzu yangu nyeupe. Nilipofika nyumbani kuzikagua picha nikajikuta nimo kwenye kila moja: mzuka mweupe umesimama nyuma ya papa. Na maduka nayo yamo. Nina picha ya taa akipita katikati ya taa. Samaki mmoja, balbu kumi na mbili.

Mwenzangu wa chumbani akasema, "Kaka, tafuta polaraiza, inakata mng'ao." Akaniazima yake. Filta ile hukata mng'ao unaokuja kwa mshazari. Ukiukabili ukuta uso kwa uso haikusaidii kitu, na inakula zaidi ya nusu ya mwanga wako, nao wenyewe ni wa kuokoteza. Nimemrudishia na shukrani.

Basi kwa nini nisipige kwa mshazari? Nilijaribu wiki nzima. Papa anatoka na kingo za rangi, bluu huku, chungwa kule, kama gazeti lililochapwa vibaya. Nuru ikitoka majini kuja hewani inapinda, kila rangi kwa kiasi chake, na mshazari ukizidi ndivyo zinavyoachana. Siku hizi simfuati papa. Nasimama mahali pamoja, namngoja apite mbele yangu.

Kilichonitoa ni mpira mweusi wa mdomo wa lenzi, ule laini, naugusisha kwenye ukuta taratibu (akriliki inachubuka upesi) mpaka taa za nyuma zisipate pa kuingilia. Fulana nyeusi. Flashi imezimwa, inawasumbua samaki, na ikigonga ukuta inarudi kwako mwenyewe.

Lenzi ni milimita 50 ya mtumba, nimeifungua mpaka f/1.8, yaani tundu pana la kuingiza mwanga. Shata (muda wa kunasa picha) 1/200 ya sekunde, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 3200. Chini ya 1/125 mkia wa papa unakuwa moshi. Chenga kwenye picha zipo, nimezizoea. Kinachoniudhi ni fokasi: jicho likiwa kali, pezi limeshayeyuka, na mara nyingi kamera inashika uchafu ulio kwenye ukuta badala ya samaki. Sasa nafokasi kwa mkono.

Picha ya tisa ni ya juzi. Chewa, mkubwa kuliko mimi, alikuja akasimama kama shubiri mbili kutoka ukutani, mdomo nusu wazi. Jicho lake lilizunguka likaifuata lenzi. Nilipiga nne, tatu nilitetemeka.

Wiki ijayo nalipa kiingilio niingie kwenye njia ya chini ya maji, mita 48. Kuta zake zimejipinda, mpira hautakaa sawa. Nimeshakata kipande cha sponji ya godoro cha kuzibia.