"Independent" maana yake sio tajiri

Nilipopata kazi yangu ya kwanza nilipewa fomu nijaze, na ndani yake kulikuwa na kisanduku kimeandikwa "Dependants". Nikaliangalia lile neno, nikajua ni mambo ya kutegemea, basi nikawaandika baba na mama kwa sababu mpaka wiki ile wao ndo walikuwa wananilisha. Dada aliyekuwa anapokea zile fomu akasoma akaniuliza taratibu, hawa unawalea wewe? Nikamwambia hapana, wao ndo wananilea mimi. Akapitisha mstari juu ya yale majina, pembeni akaandika sifuri, akaniambia "dependant" ni yule anayetegemea, sio anayetegemewa. Kumbe kwenye fomu ya wazazi wangu mimi ndo nilitakiwa kuwa kwenye kile kisanduku.

Tangu hapo hili neno sijaliacha, hili na mwenzake "independent", na kila nikiona mtu anatafsiri "financially independent" kuwa ni mtu mwenye hela nyingi nasikia kabisa kuna kitu kimepotea.

Asili yake ni Kilatini, "pendere", kuning'inia, na ndo huko huko limetoka neno "pendant", kile kidani kinachoning'inia kwenye mkufu. Kwa hiyo "dependent" ni kitu kinachoning'inia kwa kingine, huyo kingine akikatika na wewe unaanguka, na "independent" ni yule asiyening'inia. Sisi kwenye Kiswahili picha yetu ni nyingine kabisa, hatuning'inii, tunaegemea, na ukisema kujitegemea umeshasema mpaka unaegemea wapi, yaani mgongo wako ni wako mwenyewe. Mi naona neno letu limebeba mzigo zaidi, maana la Kiingereza linakwambia tu kwamba huning'inii, halikwambii umeshikilia nini.

Na hapo ndo penye utamu wake, kwa sababu hilo la umeshikilia nini limebadilika sana. Kwenye sensa ya Uingereza ya 1841 makarani walikuwa wakifika sehemu ya kazi, kwa watu wengine wanaandika herufi tatu tu, "Ind.", wakimaanisha huyu anaishi kwa mali yake, labda kodi za nyumba au riba ya pesa alizowekeza. Mpaka leo ukisikia "a man of independent means" ujue anaongelewa mtu ambaye hata asipofanya kazi anakula. Sasa chukua kijana wa leo anayesema "I've been financially independent since I was 20", huyu anamaanisha karibu kinyume chake, kwamba anafanya kazi sana, analipa pango lake na bili zake mwenyewe na haombi nyumbani. Neno ni lile lile, mmoja ni independent kwa sababu hahitaji kazi na mwingine ni independent kwa sababu anayo kazi.

Halafu kuna hawa wa miaka ya karibuni, wale wa "financial independence, retire early", yaani jitegemee kifedha ustaafu mapema, wao wamelirudisha neno kule kule kwa watu wa "Ind.". Hesabu yao inasema kusanya mara 25 ya matumizi yako ya mwaka, uwekeze, kisha mwaka wa kwanza utoe asilimia 4 na miaka inayofuata uongeze kadiri bei za vitu zinavyopanda. Kama kwa mwaka unatumia 100, unatafuta 2,500. Hiyo asilimia 4 ilianzia kwa mshauri wa fedha wa Marekani anaitwa William Bengen, aliyeandika mwaka 1994 baada ya kupima historia ya hisa na hatifungani za Marekani (hatifungani ni pale unapoikopesha serikali ikulipe na riba), akiangalia pesa idumu angalau miaka 30. Nayasema haya kwa sababu watu wanaibeba ile 25 kama sheria ya maumbile wakati ilipimwa kwa soko la nchi moja, na aliyestaafu na miaka 35 anahitaji pesa idumu zaidi ya hiyo 30.

Ila angalia kitu kimoja kwenye hiyo hesabu, haiulizi una kiasi gani, inauliza unatumia kiasi gani. Mwenye mshahara mkubwa anayeumaliza wote kabla ya tarehe 20 hayumo, na mwenye mahitaji madogo anaweza kufika mapema. Ndo maana nasema utajiri ni neno lingine.

Kwenye kulitumia, Waingereza wanasema "dependent on" lakini "independent of", "she is independent of her parents", "from" nayo utaiona sana, ila "independent on" ni kosa. Na hiyo "of" hata isipotajwa ipo, imejificha. Kila nikisoma kwamba fulani ni independent najiuliza, of nani? Anayelipwa mshahara kajitoa kwa wazazi lakini yuko kwa bosi, mwenye biashara kamtoroka bosi lakini yuko kwa wateja, hata yule wa asilimia 4 yuko kwa soko la hisa.

Wahenga wetu hili waliliona pande zote mbili. Wamesema mtegemea cha nduguye hufa maskini, na hao hao wakasema mtegemea nundu haachi kunona. Sioni kama wanagombana, ni kwamba kuna tegemeo linalokukausha na kuna linalokunenepesha, inategemea umeegemea nini.

Kwa hiyo tafsiri yangu ni "anayejitegemea kifedha". "Uhuru wa kifedha" naipenda pia lakini naiachia "financial freedom", maana mtu anaweza kujitegemea kwa kila kitu na bado kila mwisho wa mwezi akawa anahesabu mpaka senti ya mwisho, huyo kusema yuko huru itakuwa kumwonea, ila anajitegemea, na hilo asinyang'anywe. Siku nilipojaza fomu nyingine, miaka mingi baadaye, kwenye kile kisanduku niliandika tena majina mawili yale yale, baba na mama, na safari hii hakuna aliyeyakata.