Manowari Liverpool ya Seyyid Said: ubavu umefungwa, sasa mizinga

Mataruma, yaani mbavu za ndani, yote ya mfano wangu mdogo wa manowari Liverpool sasa yamefunikwa kwa mbao. Mbao za katikati ya ubavu zililala zenyewe. Kazi ilikuwa omo, yaani mbele, pale chombo kinapojikunja ghafla. Ubao nauloweka kwenye maji ya moto, naupinda taratibu juu ya bati lenye joto, kisha naubana kwa vibanio hadi asubuhi. Msaji (mtiki), mti ninaoutumia, haupendi haraka. Pini ukiigonga bila kutoboa kwanza, ubao unapasuka kwa urefu wake wote.

Kwa kipimo cha 1 kwa 100 mti laini zaidi ungenirahisishia, najua. Lakini Liverpool yenyewe ilikuwa ya msaji, imeundwa Bombay na mafundi wa ukoo wa Wadia na kushushwa majini 1826. Msaji una mafuta yake ya asili, misumari ya chuma haiozi upesi ndani yake kama kwenye mwaloni wa Ulaya. Vipande vyangu ni mabaki ya fundi milango, na harufu yake nikipiga msasa inatosha kunifanya mbishi.

Naiunda ilivyokuwa mwanzoni mwa 1828, Seyyid Said, mtawala wa Oman, alipokuja nayo Mombasa kuwakabili Wamazrui, ukoo uliokuwa ukiutawala mji huo. Kinachonichekesha ni kwamba Mombasa ilipomwangukia kabisa, 1837, manowari hii hakuwa nayo tena: mwaka mmoja nyuma alishaitoa zawadi kwa Mfalme William wa Nne wa Uingereza. Waingereza wakaiita Imaum, na uzee wake ikaumalizia Port Royal, Jamaika, imetia nanga kama bweni la mabaharia, hadi ilipovunjwa miaka ya 1860. Mimi naona Seyyid alipiga hesabu ya mfanyabiashara. Chombo cha mizinga 74 kinakula mamia ya watu na kamba zisizokwisha. Mtu wa karafuu na pembe anafaidika zaidi na meli ndogo na urafiki wa mfalme.

Mizinga naikata kwenye mirija ya shaba ya kalamu kuukuu. Madirisha yake nimeyachonga safu mbili, 14 kila safu kila ubavu, kama ilivyokuwa kawaida ya manowari za daraja hili. Kamba zinazoshikilia milingoti zitakuwa nyeusi, maana zilipakwa lami. Za kuendeshea matanga nimezichovya kwenye chai ya rangi.

Inayofuata ni milingoti mitatu na dasturi, ule mlingoti unaochomoza mbele ya omo. Bendera nyekundu tayari nimeshaishona.